Shahidi wa Mhitaji: Msaada wa Masomo na Uhakiki Wake Katika Historia Yetu

Wahenga walisema kwamba siri ya mtungi aijuaye kata. Msemo huo umezoeleka katika mambo ya nyumbani, lakini ndani yake limo swali ambalo kila serikali iliyotaka kumsomesha mtoto wa maskini imelazimika kulijibu. Ni nani aijuaye hali ya nyumba ya mtu, na ni neno la nani lipokelewe pale mtu huyo anapoomba kusaidiwa? Fedha za kusomesha hazijapata kuwatosha waombaji wote katika zama zozote. Kwa hiyo palipo na msaada pana kuchagua, na palipo na kuchagua pana haja ya shahidi. Makala haya yanakusudia kumfuata shahidi huyo katika historia ya nchi yetu, tangu siku za machifu na misheni hadi siku hizi za vyeti na mitambo, ili msomaji aone jinsi alivyobadilika mara kwa mara, na jinsi mzigo wa kusema kweli ulivyobaki pale pale kijijini.

Ili mazungumzo yetu yasielee hewani, na tuyaweke mahali panapojulikana. Kasansa ni kata ya Halmashauri ya Mpimbwe, wilayani Mlele, mkoa wa Katavi, katika bonde la Rukwa. Mkoa wa Katavi ulianzishwa mwaka 2012. Kabla ya hapo nchi hiyo yote ilikuwa ya wilaya ya Mpanda, nayo Mpanda ilikuwa sehemu ya mkoa wa Rukwa tangu mwaka 1974, na zamani zaidi ilihesabiwa pamoja na Tabora. Wenyeji wa huko ni Wapimbwe, na pamoja nao wanaishi Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao kwa wingi tangu miaka ya 1970, na watu wa makabila mengine. Kazi kubwa ni kilimo cha mpunga na mahindi na ufugaji. Watu walio wengi hawana hati ya mshahara wala daftari la hesabu. Utajiri wao na umaskini wao husomwa kwa macho: katika ghala, katika zizi, katika paa la nyumba, na katika idadi ya milo wakati wa masika. Majirani huusoma vizuri sana. Ofisi iliyo mbali haiwezi kuusoma ila kwa kuletewa karatasi.

Katika nchi hiyo ya Mpanda ya zamani, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, iko Karema, na huko tunapata mfano wa mapema wa mtu aliyesomeshwa kwa fedha za wengine. Adrien Atiman alikuwa mtoto wa Afrika ya Magharibi aliyetekwa na kuuzwa utumwani. Wamisionari waitwao Mapadre Weupe walimkomboa huko kaskazini mwa Afrika, wakamsomesha udaktari katika kisiwa cha Malta, kisha akafika Karema mwaka 1889. Alitibu watu mahali hapo hadi alipofariki dunia mwaka 1956, yaani zaidi ya miaka 60. Hakuna aliyemdai Atiman cheti cha kuzaliwa wala barua ya kuthibitisha kwamba wazazi wake hawajiwezi. Waliomsaidia walikuwa wameyaona mateso yake kwa macho yao wenyewe. Na deni lake alililipa kwa njia ambayo kila mgonjwa wa ufukoni alikuwa shahidi wake. Hivyo katika mfano huu mmoja yamo mambo mawili ambayo taifa lingekuja kuyatafuta baadaye kwa taabu kubwa: kumjua mhitaji kwa hakika, na kurudishiwa na aliyesaidiwa.

Chini ya utawala wa Waingereza nafasi za masomo zilikuwa chache mno, na shahidi mkubwa alikuwa chifu. Shule ya serikali ya Tabora, iliyofunguliwa katika miaka ya 1920, ilikusudiwa hasa kwa wana wa machifu, kwa kuwa Waingereza walitaka watawala wa kienyeji wajao wawe wamesoma. Mwalimu Julius Nyerere, aliyeingia Tabora mwaka 1937, alikuwa mwana wa Chifu Burito wa Wazanaki. Haki inatutaka tuseme kwamba akili yake ndiyo iliyomfikisha mbali. Lakini haki hiyo hiyo inatutaka tujiulize ni watoto wangapi wa wakulima, wenye akili kama yake, waliobaki nyuma kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuwataja mbele ya mwalimu au mbele ya bwana shauri. Chifu aliwajua watu wake mmoja mmoja. Hata hivyo kumjua mtu ni jambo moja, na kumtaja ni jambo jingine. Shahidi huyu alikuwa na macho makali, ila ulimi wake ulikuwa wa ukoo wake.

Uhuru ulipokuja, taifa lilijaribu njia nyingine kabisa. Chuo Kikuu kishiriki cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 1961 katika jengo la TANU, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria. Mwaka 1963 utawala wa machifu ulifutwa kwa sheria. Mwaka 1964 ada za shule za sekondari za serikali ziliondolewa. Waliokwenda chuo kikuu walisomeshwa na umma, kwa mapatano kwamba wakihitimu watalitumikia taifa. Jambo la kuangaliwa hapa ni hili: masomo yanapokuwa bure kwa kila aliyechaguliwa, hakuna anayelazimika kujieleza kuwa maskini. Mwana wa karani na mwana wa mkulima wa Mpimbwe waliketi dawati moja bila ya yeyote kuulizwa baba yake ana ng'ombe wangapi. Shahidi pekee alikuwa mtihani. Ni kweli kwamba mtihani nao ulimpendelea aliyesoma shule iliyo karibu na yenye vitabu, na shule za namna hiyo zilikuwa chache sana katika bonde la Rukwa. Hata hivyo heshima ya mwombaji ilihifadhiwa.

Mwaka huo huo wa 1964, alipoeleza Bungeni Mpango wa Maendeleo wa Miaka Mitano, Mwalimu Nyerere alitoa mfano ambao walimu wengi wamewafundisha wanafunzi wao. Alimfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake chakula. Mtu huyo akila na asirudi, amekuwa msaliti. Mfano huo ulipata majaribu upesi. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu na vyuo vingine waliandamana Dar es Salaam kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, ambayo kati yake lilikuwamo la kupokea sehemu tu ya mshahara kwa muda wa utumishi huo. Wanafunzi wapatao 400 walifukuzwa na kurudishwa makwao. Rais naye akapunguza mshahara wake kwa asilimia 20. Wengi wa wanafunzi hao walirudishwa chuoni baadaye. Lakini tangu siku hiyo taifa lilianza kuuliza, pamoja na swali la nani amefaulu, swali la nani anastahili.

Jibu la swali hilo lilitolewa na Azimio la Musoma la mwaka 1974. Liliagiza kwamba kijana amalizapo kidato cha sita afanye kazi kwanza, kisha aombe nafasi ya chuo kikuu akiwa na maoni ya mwajiri wake na ya tawi la Chama mahali anapoishi. Hapo jirani alifanywa kuwa shahidi rasmi. Wakati huo huo wananchi walikuwa wakihamishiwa katika vijiji, na mjumbe wa nyumba kumi alikuwa anazijua nyumba zake jinsi mchungaji anavyozijua mbuzi zake. Utaratibu huo ulikuwa na hekima ndani yake, kwa maana ulikubali kwamba tabia ya mtu inajulikana zaidi na wale wanaoishi naye. Lakini ulikuwa na hatari pia. Kijana aliyekosana na kiongozi wa tawi, au aliyezoea kusema wazi mkutanoni, aliweza kupoteza nafasi kwa sababu ya kalamu ya mtu mmoja. Baada ya miaka michache masharti yalilegezwa, hasa kwa wasichana, kwa kuwa idadi yao chuoni ilikuwa ndogo mno.

Hali ya uchumi ilipokuwa ngumu katika miaka ya 1980, ada za sekondari zilirudi, na kuanzia miaka ya 1990 wazazi wa wanafunzi wa vyuo vikuu walitakiwa kuchangia gharama. Hatimaye Bunge lilipitisha Sheria Na. 9 ya mwaka 2004, iliyounda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, nayo Bodi ikaanza kazi Julai 2005. Katika mwaka wa masomo wa 2005/2006 fedha za mikopo zilikuwa kiasi cha shilingi bilioni 56. Katika mwaka wa 2022/2023 zilifika kiasi cha bilioni 654. Kiasi kimekua sana, na waombaji wamekua pamoja nacho. Tangu mwaka 2023/2024 mikopo ilianza kutolewa hata kwa wanafunzi wa stashahada katika fani zilizopewa kipaumbele. Lakini kwa kuwa fedha hazimtoshi kila mtu, mwombaji amerudishwa mahali ambapo wazee wake wa mwaka 1964 hawakuwapo: hana budi kuthibitisha kwamba yeye ni mhitaji. Katika miaka ya 2007 na 2008 vyuo vilikumbwa na migomo, na sehemu kubwa ya ugomvi ilihusu hesabu hiyo ya nani apewe yote, nani apewe nusu, na nani aachwe.

Ni vema msomaji ajue jinsi uhakiki unavyofanyika, maana wengi hulalamikia jambo wasilolijua. Mwombaji hujaza maombi katika mtambo wa Bodi, kisha huambatisha vielelezo. Cheti chake cha kuzaliwa huhakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili, na kwa Zanzibar na chombo cha huko. Yatima huleta cheti cha kifo cha mzazi, nacho huhakikiwa vivyo hivyo. Mwenye ulemavu huleta uthibitisho wa mganga wa serikali. Anayetoka katika kaya inayosaidiwa na TASAF huonyesha hivyo. Yupo mdhamini, ambaye hutoa picha yake na utambulisho wake. Na fomu yenyewe haina nguvu mpaka isainiwe na kiongozi wa serikali ya kijiji au mtaa, na ithibitishwe kwa kiapo mbele ya hakimu au wakili. Ndipo maofisa hulinganisha majina, namba na mihuri, na kupima uwezo wa familia. Aliyekataliwa hupewa muda wa kukata rufaa.

Kwa juu juu utaratibu huo hauna kasoro. Tatizo huanza pale karatasi inapokutana na maisha ya watu. Chukua jambo la kuzaliwa. Sheria ya kuandikisha vizazi na vifo ilitungwa na Waingereza mwaka 1920, lakini kwa miaka mingi Waafrika walio wengi hawakulazimishwa kuandikisha, na vijijini desturi hiyo haikuota mizizi. Ndiyo maana mwaka 2013 ulianzishwa mpango, kwa kuanzia Mbeya, wa kuwaandikisha watoto wadogo katika vituo vya afya na ofisi za kata. Kijana aliyezaliwa nyumbani, mikononi mwa mkunga wa jadi, hupata cheti chake akiwa mtu mzima, mara nyingi katika juma lile lile la kuomba mkopo.

Chukua tena jambo la majina. Katika mila zetu jina ni historia. Mtoto hupewa jina la babu, au la mvua iliyonyesha siku hiyo, au la msiba uliotangulia kuzaliwa kwake. Akibatizwa au akisilimu huongezewa jina jingine. Na mwalimu wa darasa la kwanza, akiwa na haraka, humwandika jina la tatu. Mama yake hujulikana kijijini kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Kijijini hakuna anayepotea kwa wingi wa majina hayo. Lakini mbele ya mhakiki, cheti chenye jina moja na matokeo ya mtihani yenye jina jingine ni watu wawili, na mmoja wao huonekana mwongo.

Yatima naye ana taabu yake. Mzazi aliyefia nyumbani alizikwa na majirani kabla ya jua kutua siku ya pili, na hakuna aliyekumbuka habari ya cheti. Kijiji kizima kilishika koleo siku ile, lakini kwenye faili mzazi huyo bado yu hai. Na ujamaa wetu wa asili nao waweza kumponza mtoto. Mjomba au shangazi humchukua mpwa wake, akamlipia ada katika shule ya binafsi kwa kujinyima. Mhakiki akiona shule hiyo, yu haki kudhani kwamba mwombaji anatoka katika nyumba yenye uwezo. Karatasi haisemi kwamba mjomba ameishiwa, au kwamba ana wanawe sita wanaongoja zamu yao. Wema uliofanywa na ndugu hugeuka kuwa ushahidi dhidi ya mtoto.

Pamoja na hayo, tusiidharau karatasi. Katika mkoa huo huo wa Katavi yako makazi ya Katumba na Mishamo, walikowekwa watu waliokimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972. Watoto wao walizaliwa hapa, wakasoma Kiswahili hapa, lakini kwa miaka mingi hawakuwa raia. Serikali iliamua kuwapa uraia maelfu kwa maelfu, na tangu mwaka 2014 hati za uraia ziligawiwa. Kwa kijana wa Mishamo hati hiyo ilikuwa mlango. Mkopo wa Bodi ni wa Mtanzania, na jirani mwenye kinyongo aliweza kumwita mgeni hata siku ya mwisho, hati ilimnyamazisha. Karatasi haina ukoo, haina tawi, haina ugomvi wa mpaka wa shamba. Hiyo ndiyo fadhila yake kuu, na ndiyo iliyokosekana kwa chifu na kwa kiongozi wa tawi.

Wala tusijifanye kwamba udanganyifu haupo. Mwaka 2016 Wizara ya Elimu ilifanya uhakiki vyuoni, ikaonekana kwamba fedha zilikuwa zikilipwa kwa majina ya watu wasiokuwapo madarasani. Tena wapo wazazi wenye maduka na magari ambao huomba barua ya kuitwa wasiojiweza, na wapo viongozi wanaoisaini kwa sababu ya urafiki au kwa sababu ya kitu kidogo. Mtu aliyepata kukaa nyuma ya meza ya serikali anajua kwamba barua ya uongo na barua ya kweli zina muhuri mmoja. Majirani zetu wa Kenya, walioanza kukopesha wanafunzi mwaka 1974 na kuunda bodi yao mwaka 1995, walianzisha mwaka 2023 utaratibu mpya wa kuwapanga wanafunzi katika makundi kwa kiwango cha mahitaji ya nyumbani kwao. Malalamiko ya waliojiona wamepangwa vibaya yalikuwa mengi hata shauri likafika mahakamani. Kwa hiyo tatizo hili halikuletwa na ubaya wa ofisi moja. Limo katika kazi yenyewe ya kupima ufukara wa mtu usiyemjua.

Tunaona basi kwamba taifa limejaribu mashahidi watatu. Chifu alijua lakini alipendelea. Tawi lilijua lakini liliogopwa. Karatasi haipendelei wala haiogopwi, lakini haijui. Mtambo waweza kuthibitisha kwamba cheti ni halali. Hauwezi kuthibitisha kwamba ghala ni tupu. Mahali pekee ambapo ujuzi wa jirani na uthabiti wa karatasi hukutana ni katika barua ile fupi ya kijiji, inayoandikwa na mtendaji katika chumba chenye meza moja. Barua hiyo haina budi kutazamwa upya na jamii nzima. Barua ya uongo inayoandikwa kwa ajili ya mwana wa tajiri haiiibii serikali peke yake, maana fungu la fedha ni moja na hesabu haibadiliki. Humwibia mtoto fulani, mwenye jina, ambaye pengine anaishi nyumba ya tatu kutoka hapo.

Walimu wanayo kazi kubwa katika jambo hili, nayo haingoji kidato cha sita. Mwalimu wa shule ya msingi anapomwandika mtoto, na aulize jina lililo katika cheti, na kama hakuna cheti amhimize mzazi akitafute mapema. Mwalimu wa sekondari na alinganishe majina kabla ya usajili wa mtihani wa kidato cha nne, kwa kuwa kosa la herufi moja hapo humfuata kijana hadi chuoni. Serikali ya kijiji na iwakumbushe wafiwa juu ya cheti cha kifo mara matanga yanapokwisha. Na mkutano mkuu wa kijiji, ambao ni urithi wetu wa kusemezana hadharani, waweza kuelezwa ni watoto wangapi wa kijiji wanaoomba mkopo mwaka huo, ili kila mmoja ajue kwamba barua inayotolewa inatazamwa na macho mengi. Haya hayahitaji fedha za kigeni.

Wanafunzi nao wakumbuke upande wa pili wa mfano wa mwaka 1964. Sheria humkata mnufaika asilimia 15 ya mshahara wake hadi deni liishe. Mwaka 2021 tozo ya asilimia 6 iliyokuwa ikiongezwa juu ya deni iliondolewa, na kilio cha wengi kikapungua. Kinachorudishwa hukopeshwa wengine. Anayejificha asilipe anafanya kosa lile lile la mwandishi wa barua ya uongo, ila yeye analifanya akiwa ameshashiba.

Iwapo binti wa Kasansa, aliyefaulu kwa taa ya mafuta na kwa jembe la mama yake, atapata nafasi chuoni, na iwapo jina lake katika cheti ni lile lililo katika matokeo, na iwapo mtendaji wake ameandika kweli tupu, basi mhakiki wa Dar es Salaam ambaye hajapata kuliona bonde la Rukwa ataweza kumtendea haki. Lolote kati ya hayo likikosekana, binti huyo atarudi shambani, na majirani watasema kwamba hakuwa na bahati. Kusema hivyo kutakuwa ni kujificha, kwa maana hali yake waliijua, na neno lao lilihitajiwa.